Kama Nilivyopokea

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, na mvua imesifiwa mpaka ikanyesha. Uvumi wa simu peke yake ndio haujapata wa kuusifu, ingawa hakuna mtumishi aliyewafanyia kazi watu wa Homa Bay na Migori kwa bidii kama yake. Huamka kabla wavuvi wa omena hawajarudi ufukweni Mbita na taa zao. Hauna mshahara, haudai marupurupu ya safari wala haugomi. Hutoka Isebania mpakani ukafika Kendu Bay bila nauli ya matatu, na njiani hupita Rongo na Oyugis bila kuomba hata maji ya kunywa. Unajua tiba ya kila ugonjwa, na tiba yenyewe ni kitunguu. Una huruma kwa vijana wasio na ajira, kwa hiyo huwatangazia nafasi za kazi ambazo kaunti yenyewe haizijui. Una ukarimu, maana kila wiki hugawa bando za bure kwa yeyote atakayebonyeza kiungo na kuwatumia wenzake kumi. Na kwa wanasiasa ni rafiki wa dhati: umewazika wengi wao mara tatu au nne, na kila mara wakafufuka wakiwa na afya nzuri kuliko mwanzo.

Lakini hizo ni sifa ndogo. Sifa kuu ya uvumi, inayostahili sanamu pale ziwani, ni unyenyekevu. Chini ya ujumbe wake huandika maneno machache ambayo hayajawahi kuandikwa chini ya tangazo lolote la serikali: natuma kama nilivyopokea. Tuyatafakari maneno hayo kwa adabu inayostahili. Wanazuoni wa Hadithi za Mtume walitumia karne kadhaa kupanga isnadi, nani alisikia kwa nani, na nani kati yao alikuwa mkweli. Uvumi umeikunja elimu yote hiyo ikaenea katika neno moja: nilipokea. Kwa nani? Haijalishi. Lini? Kabla ya kukutumia wewe. Msemaji hajidai kuwa alikuwapo, hajidai kuwa amesoma, hajidai hata kuwa anaamini anachokituma. Na kana kwamba ukiri huo hautoshi, WhatsApp yenyewe huuvisha sare. Ujumbe uliokwisha kupita mikono mitano au zaidi hupewa mishale miwili na tangazo kwamba umesambazwa mara nyingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo hauwezi kutumwa ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati mmoja. Ni mwizi gani mwingine anayeingia mjini akiwa amejifunga kengele shingoni? Mwenye masikio ana nafasi ya kufunga mlango. Asipofunga, tusimlaumu mwizi kwa kukosa uaminifu.

Najua jibu la wenye hasira, na wana haki ya kukasirika. Uvumi ni balaa. Humwachisha mgonjwa wa sukari dawa zake akabaki na kitunguu chake. Hutengeneza ukurasa wa mbele wa gazeti ambalo halijachapishwa. Na haukuanza na intaneti: baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe mfupi wa simu ulibeba chuki ya makabila kutoka mkono hadi mkono, watu zaidi ya elfu moja wakafa katika machafuko yale, na tume ya taifa ya uwiano na utangamano ikaundwa kwa sheria ya 2008, kwa kiasi fulani kwa sababu ya maneno ya namna hiyo. Anayesema kwamba maneno hayaui hakuwapo Kenya mwaka ule. Ila mwenye kutaja ujumbe wa chuki wa 2007 hana budi ataje pia agizo lililoandamana nao. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni, na marufuku hayo yakadumu mpaka Februari. Mtu aliyekuwa Migori akitaka kujua kama barabara ya Kisii inapitika, akiwasha redio anakuta muziki. Simu ikalia, na ndani yake kulikuwa na jibu. Lilikuwa jibu baya, lakini halikuwa na mshindani. Uvumi haukuuvunja mlango wa nyumba ya habari. Uliikuta tupu, wenyewe wakiwa wamefukuzwa, ukahamia.

Na nyumba hiyo imetolewa watu zaidi ya mara moja. Tarehe 30 Januari 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha kuwa rais wa wananchi kule Uhuru Park, vituo vikubwa vya televisheni vilizimwa, na watazamaji wa Nyanza, ambao walikuwa na hamu kuliko wote, wakabaki na simu zao. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipokuwa barabarani, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja, na ikabidi Mahakama Kuu iisimamishe amri hiyo. Kila mara mwenye nchi huzima taa, kisha hulalamika kwamba watu wanapapasa ovyo.

Mfano wa Raila mwenyewe una funzo gumu zaidi, kwa sababu haumpendelei mtu. Siku za mwanzo za Oktoba 2025 simu zilijaa habari za afya yake. Nyingine zilimuua kabisa, na zilikuwa uongo, kwani alikuwa hai. Waliozikanusha nao wakakanusha kwa moyo wote: mzee anapumzika, mzee yu salama. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja, na hapo lilikuwa njiani. Tarehe 15 Oktoba alifariki India, na habari ya kweli ilipofika Homa Bay asubuhi ile, watu walioipokea waliuliza swali walilofundishwa na wiki mbili za kukanushiwa: nani kakwambia? Simtetei aliyemuua mtu aliye hai. Nasema tu kwamba sarafu ya ukweli ilikuwa imeshashushwa thamani kwa pande zote mbili, na upande wenye muhuri ndio wenye jukumu kubwa zaidi la kuitunza. Siku hiyo hiyo, 15 Oktoba, Rais alitia saini marekebisho ya sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao, yanayoipa serikali uwezo wa kuagiza tovuti zifungwe. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu ya marekebisho hayo.

Sheria mama ya mambo hayo ilitiwa saini tarehe 16 Mei 2018, na iliahidi faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili, kwa anayechapisha kwa kujua habari ya uongo yenye kuzua taharuki au kuchafua jina la mtu. Haikuzaliwa bila historia. Aprili 2016 Mahakama Kuu ilikuwa imefuta kosa la kutumia vibaya chombo cha mawasiliano. Februari 2017 ikafuta kosa la jinai la kukashifu, na Aprili mwaka huo ikafuta lile la kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma. Fimbo tatu zilivunjwa mfululizo, na kabla vipande havijaokotwa msitu ukawa umeshatoa ya nne.

Juni 2025 fimbo hiyo ilifika Kakoth, Homa Bay. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu wa miaka 31, alikamatwa nyumbani kwao kwa sababu ya maneno ya mtandao wa X yaliyodaiwa kumchafulia jina Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Alipitishwa kituo cha Mawego, kisha akasafirishwa mamia ya kilomita hadi kituo cha Central, Nairobi. Baba yake alimfuata na hati ya shamba, akidhani litakuwa jambo la dhamana. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Juni mwanawe akafa. Polisi wakatoa taarifa: alijigonga kichwa ukutani, mwenyewe, ndani ya seli. Taarifa haikuwa na mishale miwili, wala haikuandikwa chini yake natuma kama nilivyopokea. Ilikuwa na nembo.

Hapa sifa zinanishinda. Mtaalamu wa serikali aliyepasua maiti, Dkt. Bernard Midia, alieleza majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo, na majeraha mengine mwilini, akasema si rahisi mtu kujifanyia hayo. Tarehe 11 Juni Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya Seneti, akayaondoa maneno ya ukuta, akaomba radhi, na akaeleza kwamba habari ile aliipata kwa walio chini yake. Soma tena. Afisa mkuu wa polisi wa Jamhuri, mwenye maabara, wapelelezi na kitabu cha matukio, alituma kama alivyopokea. Tofauti yake na msichana wa Awendo mwenye bando ya shilingi 20 ni kwamba msichana yule angekiri mapema.

Mtetezi wa polisi atanikumbusha kwamba sheria ile ilimwadhibu anayechapisha uongo kwa kujua, na Inspekta Jenerali hakujua. Nakubali kabisa. Ningependa utetezi huo uandikwe kwa herufi kubwa na ubandikwe katika kila kituo kuanzia Mawego hadi Migori mjini, ili msimamizi wa kundi la WhatsApp akiletwa usiku naye aelekeze kidole ukutani na kusema: sikujua, nilipokea kwa walio chini yangu. Kama udhuru huu unamtosha mwenye nembo, hauwezi kumpungukia mwenye simu ya mkopo. Nitaambiwa pia kwamba afisa wa umma naye ana jina, na Kifungu cha 33 cha Katiba kinaheshimu sifa za watu hata kinapolinda uhuru wa kusema. Ni kweli, na ndiyo maana ipo kesi ya madai. Aliyekashifiwa hupeleka hati mahakamani, mwenzake hujibu, jaji husikiliza, mshindi hulipwa, na jioni wote wawili hurudi nyumbani. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Baada ya kifo cha Ojwang, Bw. Lagat alijiweka kando kupisha uchunguzi. Watu sita, akiwamo aliyekuwa mkuu wa kituo cha Central, walishtakiwa kwa mauaji na kukana, na mahakama ndiyo itakayosema. Sina haja ya kuitangulia. Uongo wa ukuta hauhitaji hukumu ya mtu, umeshakiriwa.

Wapo watakaouliza kwa nini nimewasahau matajiri wenye mitambo. Sijawasahau, ila wana zamu yao. Tarehe 7 Januari 2025 Meta, kampuni mama ya Facebook na WhatsApp, ilitangaza kwamba kule Marekani haitatumia tena wakaguzi wa nje wa ukweli, na tangu hapo mjadala wa huko umekuwa kama kuchuja habari ni usafi au ni udhibiti. Ni mjadala wa maana kwa nchi ambayo mtu hulala kwake baada ya kuandika. Kwetu kuchuja kumefanywa na vijana walioajiriwa Nairobi waliotazama maiti na ukatili siku nzima kwa niaba ya Facebook. Mmoja wao, Daniel Motaung, alishtaki mwaka 2022, wengine zaidi ya 180 wakamfuata, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta inaweza kushtakiwa hapa. Kampuni ilikuwa imedai kwamba mahakama za Kenya hazina uwezo juu yake. Yaani pesa zetu za bando zinaujua mlango wake, hati ya mahakama ndiyo isiyoujua. Nami sitarajii kwamba mashine iliyolelewa kwa Kiingereza itajua lini neno la Kijaluo ni matusi, lini ni utani wa mashemeji, na lini ni amri ya kuchoma nyumba. Anayejua ni mzee wa Ndhiwa anayelisoma, au mtangazaji wa redio ya lugha ya mama ambaye angelisahihisha kabla ya saa sita mchana kama ofisi ya kamishna ingepokea simu yake. Mara nyingi haipokei. Inasubiri maelekezo kutoka Nairobi, na Nairobi inasubiri kupokea.

Ndiyo maana nashauri mishale miwili isiishie WhatsApp. Taarifa yoyote ya polisi iliyopita mikono mitano, kutoka kwa askari wa zamu hadi kwa mkuu wa kituo, wa kaunti ndogo, wa kaunti, hadi kwa msemaji, ivishwe alama hiyo hiyo, tena kwa wino mwekundu, na isitumwe ila kwa kundi moja kwa wakati mmoja. Ile ya ukuta ilitumwa kwa taifa zima. Tarehe 3 Julai jeneza la Ojwang lilipofikishwa Homa Bay, waombolezaji walilipeleka kwanza Mawego, na kituo kikachomwa moto. Radhi ya Seneti ilikuwa imeshatolewa wiki tatu kabla, kwa Kiingereza, Nairobi. Kama kuna mtu wa Kakoth aliyeisikia, bila shaka aliisikia kwenye simu, kutoka kwa mtu aliyeituma kama alivyoipokea.