Anayenong'ona Msituni

Sijui kwa nini watangazaji wa filamu za wanyama hunong'ona. Kifutu wa Gaboni, mwenyeji halali wa misitu ya Walikale, Kongo, hana hata tundu la sikio. Hutegemea pia mtikisiko wa ardhi. Lakini bwana wa kwenye skrini amelala kifudifudi majanini, anatunong'oneza kwamba meno ya nyoka huyu hufika sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka yeyote duniani. Kisha anatabasamu: mrembo ajabu! Ukumbini, jenereta ikinguruma nje, mama mmoja anaguna: "Huyo hajawahi kupalilia mihogo."

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Kumbe hata kusahauliwa kuna orodha, na sisi tulichelewa kuandikishwa.

Zamu ya ndege. Tai mwenye kishungi anamnyakua kima, violini zinapanda, mtangazaji anakaribia kulia. Kule vilima vya Masisi mwewe akishukia vifaranga, violini hakuna: kuna sufuria inayogongwa, watoto wanaofukuzana na kivuli, na mama mzee anayemtukana ndege pamoja na ukoo wake wote. Habari za mfalme wa anga hazimhusu. Anataka kifaranga chake.

Na binadamu wa Kongo? Naye alitokea kwenye filamu, sekunde chache hivi, amejitwika masanduku ya kamera.