Sifa za Rejea Hewa

Wafanyakazi hewa walilaaniwa kwa haki, maana walikula mshahara. Rejea hewa, yaani rejea ya kitabu au kesi isiyokuwepo, haili kitu, haidai posho, wala haihitaji rafu maktabani. Hata hivyo wahadhiri, wahariri na majaji wanaitukana kila kukicha, na hakuna wa kuitetea. Leo naitetea mimi.

Rejea ya kweli ina kiburi. Kitabu kimeazimwa, ukurasa umechanika, na ukibahatika kuupata unakuta mwandishi kasema kinyume cha ulichotaka. Rejea hewa haina ubishi. Akili unde ya lugha, ambayo kazi yake ni kukadiria neno gani lifuate neno gani, inalijua umbo la rejea barabara: jina, mwaka, juzuu, ukurasa. Ukitaka ushahidi haikwambii uje kesho. Unapewa papo hapo, tena unakuunga mkono mpaka nukta ya mwisho.

Ushujaa wake ulidhihirika New York mwaka 2023. Abiria mmoja alikuwa amelishtaki shirika la ndege la Avianca akidai toroli la chakula lilimgonga goti ndani ya ndege. Wakili wa upande wake, mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 30, akaiomba ChatGPT kesi za kumsaidia, na mahakamani zikafika sita ambazo hazijawahi kusikilizwa popote. Mashirika ya ndege yalikuwa ya kweli, na majaji waliotajwa walikuwa wa kweli. Mawakili wa Avianca walitafuta wee, wapi! Wakili alipoiuliza ChatGPT kama kesi ya Varghese dhidi ya China Southern ni ya kweli, ikajibu ndiyo, bila kupepesa. Rafiki gani mwingine angesimama nawe hivyo?

ChatGPT ikatoa na hukumu yenyewe ya kesi hiyo. Inaanza na madai ya kifo cha Varghese. Mbele kidogo msiba umesahaulika, na Varghese mwingine analalamika kwamba alizuiwa kupanda ndege Bangkok kwa sababu tiketi ziliuzwa kuzidi viti. Jaji P. Kevin Castel, aliyeisikiliza kesi ya Avianca, hakufurahishwa. Alimtoza wakili huyo na wenzake faini ya dola 5,000, akaamuru kila jaji aliyesingiziwa hukumu aandikiwe barua. Wivu tu: wenzake walikuwa wametoa hukumu bila kushika kalamu.

Lakini sifa yake kuu ni kwamba imetuvua unafiki. Kabla yake tulinakili marejeo kutoka tasnifu ya mwenzetu, naye alinakili kwa mwingine, vitabu vikabaki havijafunguliwa, na sote tukahitimu. Rejea hewa imetupunguzia hatua moja tu: hata kitabu cha kutofunguliwa hakihitajiki tena.

Basi tuilinde. Anayesahihisha asipige simu maktaba, asiulize ukurasa, asiombe kuona jalada. Rejea hewa huishi miaka mingi kwa raha mustarehe, ilimradi asitokee mtu wa kusoma.