Masharubu ya Kijani

Katika michezo ya kompyuta ya zamani, spraiti ni picha ndogo ya mhusika au kitu kinachojongea juu ya mandhari, nayo hujengwa kwa pikseli, yaani vijiraba vya rangi ambavyo mtu akiikuza picha anaweza kuvihesabu kimoja kimoja. Kwa kuwa picha yenyewe huwa ndogo kuliko ukucha, wapenzi wa michezo hiyo wanaojaribu kuirekebisha hudhani kwamba kumbadilishia mhusika shati ni kazi ya dakika chache kabla ya kulala, na dhana hiyo ndiyo iliyowanyima wengi wao usingizi.

Chimbuko la taabu ni paleti, yaani orodha fupi ya rangi ambazo picha imeruhusiwa kuzitumia. Pikseli ya spraiti haibebi rangi; hubeba namba tu, na namba hiyo ndiyo inayoelekeza kwenye nafasi fulani ya orodha. Mtambo wa Nintendo uliotoka Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom, na ambao nje ya nchi hiyo ulijulikana kama NES, ulikuwa na paleti nne za spraiti, kila moja ikiwa na rangi tatu pamoja na nafasi ya nne iliyoachwa kuwa uwazi ili mandhari ya nyuma yaonekane. Katika mchezo wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985, Mario alipewa nyekundu kwa kofia na ovaroli, rangi ya ngozi, na kahawia ambayo ilibidi igawanywe baina ya nywele, masharubu, shati na viatu. Ndugu yake Luigi hakuchorwa upya, bali alibadilishiwa paleti tu: nyeupe ikakaa mahali pa nyekundu, kijani ikakaa mahali pa kahawia, na kwa kuwa shati na masharubu vilikuwa na namba moja, Luigi akaingia katika historia ya sanaa akiwa na masharubu ya kijani, wala hakuna aliyemuuliza kulikoni. Mario naye hakusalimika, kwani kila alipopata ua la moto, ovaroli yake ilipauka na nywele zake zikawa nyekundu.

Pikseli zenye namba moja ni kama wanakamati wa harusi walioshonewa sare kutoka jora moja, ambapo anayebadilisha jora ili kumridhisha shangazi mmoja huwa amewabadilishia nguo wote, akiwemo mjomba ambaye hakuulizwa. Mpakaji anayetaka kumtilia mhusika meno ya dhahabu hugundua, tena baada ya kazi, kwamba weupe wa meno ndio weupe wa macho, wa kamba za viatu na wa mng'ao wa upanga, hivyo shujaa aliyelala mzima huamka na homa ya manjano.

Taabu ya pili hutokana na ukarimu wa programu za kuhariri picha, ambazo nyingi hutazamia kuhudumia picha za kamera na kwa hiyo hupenda kulainisha kila kitu. Brashi, kwa mfano, hulainisha kingo, yaani huchanganya rangi mbili zinapokutana ili mstari usionyeshe vidato, na kwa mguso mmoja spraiti ya rangi tatu hupata wageni kadhaa wa kijivu ambao paleti haina mahali pa kuwalaza. Kifimbo cha kuchagulia rangi nacho kina kiwango cha uvumilivu, yaani kipimo cha tofauti ambayo programu iko tayari kuipuuza. Katika programu ya Photoshop kiwango hicho kisipoguswa huwa 32, ambacho ni busara tupu kwa picha ya ufukweni, lakini mbele ya uso wenye upana wa pikseli nane uvumilivu huo huweza kumeza pua pamoja na shavu. Anayehifadhi matokeo kwa mfumo wa JPEG, ambao hupunguza ukubwa wa faili kwa kukadiria rangi, hukaribisha ukungu wa madoadoa kuzunguka kila mstari.

Lililo zito zaidi huwapata wanaotaka programu isiwabane. Picha ikiwa katika hali ya faharasa, yaani ile inayofuata namba za paleti, vichujio vingi hufungwa, na mpakaji asiyependa kubanwa huihamishia picha kwenye hali ya rangi zote, hufurahia uhuru wake, kisha huirudisha. Wakati wa kurudi, programu iliyoachiwa hiari hutunga paleti mpya na kuzipanga namba inavyoona yenyewe. Katika mtambo wa Game Boy Advance wa mwaka 2001, ambao kila paleti yake ya spraiti kwa kawaida ilikuwa na nafasi 16, namba sifuri ilikuwa ya uwazi daima. Kwa hiyo ngozi ikiangukia sifuri, mchezo humwonyesha shujaa asiye na uso wala mikono, akiwa amesimama wima ndani ya sanduku la waridi ambalo ndilo lilipaswa kutoonekana. Mtambo huohuo ulitambua viwango 32 tu vya nyekundu, vya kijani na vya buluu, ilhali programu za kompyuta kwa kawaida hutumia viwango 256 kwa kila moja, hivyo kahawia mbili zilizopatikana kwa kushindana na macho usiku kucha huweza kufika mchezoni zikiwa kahawia moja.

Kazi hii, basi, ina uhusiano wa karibu zaidi na uhasibu kuliko uchoraji. Rangi ibadilishwe ndani ya paleti na si juu ya picha. Penseli itumike badala ya brashi. Uvumilivu ushushwe hadi sifuri. Na faili ihifadhiwe kwa mfumo wa PNG au GIF ikiwa katika hali ya faharasa. Muhimu kuliko yote, nakala ya picha ya asili iwekwe pembeni kabla ya kugusa chochote, kwa sababu programu ikishafungwa, amri ya kutendua haina tena la kutendua.