Sifa za Hati ya Vipimo

Katika nchi yote ya chai, tangu Litein hadi Mogogosiek, sijaona alaaniwaye pasipo hatia kama hati ya vipimo, pamoja na lebo, binti yake mwenye herufi ndogo na maneno mengi. Mchumaji humlaumu karani wa kituo anapolikataa jani lililokomaa, karani humlaumu meneja wa kiwanda, meneja humlaumu mwonjaji wa Mombasa, na wote wanne, wakisha kuchoka kulaumiana, huigeukia hati, ambayo haina kinywa cha kujitetea. Kwa kuwa hakuna wakili aliyejitokeza, na kwa kuwa riziki yangu imetoka kwake, naomba idhini ya kuinena kwa wema.

Kwanza nitaje insafu yake. Watu wa milima hii hujivunia mvua ya alasiri na udongo mwekundu. Hati hailiulizi jani nasaba yake, huliuliza majivu tu. Kiwango cha kimataifa cha chai nyeusi kimeamuru kwamba majivu yasipungue asilimia 4 wala yasizidi 8, na kwamba kiyeyukacho majini kisipungue asilimia 32. Na katika tarakimu hizo kavu amejificha kadhi, kwani atiaye mchanga huumbuliwa na majivu yaliyozidi, na akaushaye upya majani yaliyokwisha kunywewa huumbuliwa na maji yaliyokosa cha kuyeyusha. Wala hila hizi si za kubuni: zilienea Uingereza kiasi kwamba sheria ya mwaka 1875 iliwapa maofisa wa forodha kazi ya kuichunguza chai iingiayo bandarini.

Kisha iko subira. Kwetu chai hutiwa sufuriani pamoja na maziwa na sukari, ikafura hadi ikatishia kumwagika, na hakuna atazamaye saa. Hati, kwa ajili ya waonjaji, husema gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yachemkayo, dakika 6. Waingereza walilieleza jambo hilo kwa kurasa 6, nao mwaka 1999 wakapewa ile tuzo ya mzaha iitwayo Ig Nobel, katika fasihi. Nadhani wachekaji walikosea mlango: ni fasihi ngapi ambazo msomaji akizifuata neno kwa neno, awe Kericho au Colombo, atahukumu kikombe kwa kipimo kimoja na mwenzake asiyemjua?

Wako waiitao katili, wakitoa mfano wa antrakwinoni, ambayo moshi wa kuni hudhaniwa kuwa mojawapo ya asili zake, na ambayo Ulaya imeiwekea kikomo cha miligramu 0.02 kwa kilo moja ya chai, yaani sehemu 2 katika milioni 100. Ni haba, nakiri. Lakini ni nani mwingine aliyewahi kulitazama jani la mkulima wa Kapkoros kwa makini kama hayo? Laiti na bonasi yake ingepimwa kwa mizani hiyo hiyo!

Ama lebo, sifa yake kuu ni haya. Mfuko wa karatasi uteremkao Mombasa hubeba jina la kiwanda, namba ya ankara, daraja, iwe BP1 au PF1 au PD, na uzito. Aghalabu chai hiyo huvushwa bahari bila kupakiwa pakiti za dukani, ikachanganywa na ya nchi nyingine, na jina la kiwanda likaachwa ghalani pamoja na mfuko wake. Pakiti mpya ikapambwa kwa jina la mchanganyaji na picha ya mlima usiojulikana uliko. Wenye hamaki huiita dhuluma. Mimi nasema lebo ni shahidi mwenye adabu, asiyejibu asiloulizwa: sheria iliuliza uzito, ikatajiwa, iliuliza tarehe, ikatajiwa, iliuliza anwani ya mwenye pakiti, ikatajiwa hata namba ya nyumba. Habari za Bomet haikuuliza.