Yah: Kuhamisha Krediti

Mwaka 2017 marais wetu walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Mpwa wangu alipohama chuo hakuvuka mpaka wowote. Alipanda daladala moja tu, hapahapa Dar es Salaam. Kozi ya Stadi za Mawasiliano, aliyoipata kwa A, ikagomea dirishani: "Hiyo ni ya kule, mwanangu. Yetu ina wiki moja zaidi."

Akaandika barua tatu, kila moja na "Yah" iliyopigiwa mstari na nakala kwa mkuu wa idara, kama alivyofundishwa. Kimya. Huenda wana hoja, kijana hajui kuwasiliana. Jumatatu anaanza upya. Mada ya kwanza ni uandishi wa barua rasmi. Ada wameshapokea, tena siku ileile.