Barua ya Wazi kwa NEMA: Nasi Tupewe Haki za Swala

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA),
Nairobi.

MINT: OMBI LA KUTANGAZA MOI'S BRIDGE KUWA HIFADHI YA TAIFA

Pokeeni kwanza shukrani zetu kwa marufuku ya mifuko ya plastiki. Tangazo lilichapishwa Februari 28, 2017, na kufikia Agosti 28 mwaka huo huo kubeba nyanya ndani ya plastiki kulikuwa kosa la faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Chama cha wenye viwanda, KAM, kililia kwamba ajira 60,000 zingepotea na viwanda 176 kufungwa. Mahakama Kuu nayo ikakataa kulisimamisha tangazo. Mama mboga akazoea. Kisichotuingia akilini ni jinsi chupa ya plastiki, ndugu wa damu wa mfuko huo, ilivyopewa uraia ambao mwenzake alinyimwa. Mwaka 2018 mliitishia nayo marufuku. Wenye viwanda wakaunda PETCO ya kusimamia ukusanyaji wa chupa, na ghadhabu yenu ikatulia.

Kisha, Juni 5, 2020, plastiki ya kutumika mara moja ilipigwa marufuku katika mbuga, fuo, misitu na maeneo mengine ya hifadhi. Hapo ndipo wivu ulipotuingia. Mbele kidogo ya Kitale iko Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp, makao ya nzohe, yule swala wa kinamasi, na kisheria nzohe hapaswi kukutana na chupa ya soda. Sisi wa Moi's Bridge tunaolipa kodi hatuna kinga hiyo, ndiyo maana tunaomba mji wetu utangazwe hifadhi. Sifa tunazo. Mji wenyewe ulizaliwa na daraja la mto Nzoia, enzi za walowezi likiitwa Hoey's Bridge, na chupa inayodondoka hapo ina safari ndefu kuliko watalii wengi: yaweza kupita Webuye na Mumias hadi Budalang'i, na kuingia Ziwa Victoria bila kulipa nauli. Wanyamapori hatutakosa, hii ni nchi ya mahindi, na penye mahindi hapakosi panya.

Tukitaja kioo badala ya plastiki, mtatujibu kwamba chupa ya kioo ni nzito na huvunjika. Ni kweli, na tusidanganyane: kioo kinachotumika mara moja kikatupwa chaweza kudhuru mazingira kuliko plastiki, kwa kuwa kukiyeyusha kunakula moto mwingi na kukisafirisha kunakula dizeli. Faida ya kioo imo katika kurudi. Na kurudisha chupa hatukufundishwa na mfadhili yeyote. Kwa miongo mingi kreti za soda zimefika hadi kwenye vijiduka vya ndani kabisa huko Bungoma, na mwenye duka hakupi soda uende nayo kabla hujampa chupa tupu au kuacha pesa ya chupa. Ndiyo sababu ni nadra kuikuta chupa nzima ya kioo imelala mtaroni. Ujerumani wameitoza hata chupa ya plastiki pesa ya aina hiyo tangu 2003, senti 25 za yuro. Basi hatudai kila kinywaji kirudi kwenye kioo. Tunadai kila chombo kiwe na bei ya kurudi.

Wapo watakaowaletea vikombe vya karatasi na plastiki inayosemekana huoza. Kikombe cha karatasi kwa kawaida hupakwa utando wa plastiki ndani kisilowe, na plastiki itokanayo na mahindi huhitaji joto la mitambo, nyuzi kama 60, ndipo ioze vizuri. Mitaro yetu, pamoja na sifa zake zote, haijafikia kiwango hicho. Kama ni ubunifu, wazee wa Kibukusu walikunywa busaa katika chungu kimoja kwa mirija mirefu isiyotupwa, na kibuyu cha maziwa ya mursik hutumika miaka. (Hatupendekezi soda inywewe chunguni, ingawa vikao vingenoga.)

Kati ya hoja za kutetea chupa ya plastiki, ile ya maji ni nzito kuliko zote, kwani bomba lisiloaminika humfanya mtu anunue chupa kwa hofu ya tumbo lake. Lakini anachohitaji ni maji. Mtungi wa lita 20 hujazwa na kujazwa tena, na ile chupa ndogo ya msafiri yaweza kubeba pesa ya chupa kama nyingine. Kuhusu ajira, hoja hiyo hamkuisikiliza 2017. Na kukusanya, kuosha na kujaza chupa nako ni kazi.

Mtatuonyesha pia Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, na kanuni za 2024 zinazomtwika mzalishaji wajibu wa taka zake. Tunaziheshimu. Ila ada ambayo kampuni inalipa Nairobi haimpi mtu yeyote wa Moi's Bridge sababu ya kuinama kuokota chupa. Agizeni pesa ya chupa ilipwe dukani na irudishwe dukani, kwa soda, maji na maziwa sawia. Wenye viwanda wakiomba muda wa kujiandaa, wapeni miezi sita, kama aliyopewa mama mboga. Kiwango mpange ninyi. Sisi tunapendekeza kianzie pale ambapo abiria akirusha chupa dirishani, makanga atashuka kuifuata.

Wenu mtiifu,
Mkazi Asiye Mnyamapori,
Moi's Bridge.