Dhahabu Juu ya Mnazi

Huko Marekani mifuko miwili ya uwekezaji inagombana: wa zamani, ambao bei yake hutangazwa mara moja kwa siku, na mpya, unaouzwa sokoni kama hisa tangu asubuhi hadi jioni, tena mara nyingi kwa ada ndogo. Nairobi nao hawakutaka kupitwa. Mwaka 2017 soko la hisa likaupokea NewGold, mfuko wa dhahabu wa aina hiyo mpya, kipande kimoja takriban sehemu 1 kwa 100 ya wakia. Sifa yake kuu ni kwamba waweza kuuza dakika yoyote. Ila siku nzima yaweza kupita asitokee mnunuzi. Ni sawa na kufungua genge la samaki juu ya mnazi.

Mfuko wa zamani nao, mzee anayekula riba ya hati za hazina, umejipenyeza ndani ya simu. Shilingi 100 zamtosha kukukaribisha. Meneja wake huikata ada kimyakimya, basi nani atagomba?

Hapa Matsangoni nilimweleza mama mweka hazina wa chama yote hayo. Akanisikiliza hadi mwisho, akisuka makuti.

“Mwanangu, huyo meneja wenu akichelewesha pesa, nyumba yake mwaijua?”